Mashine ya CNC ikisimama ghafla, si kila mara mota imeungua

MASHINE ya kukereza vyuma inayoongozwa na kompyuta, maarufu kwa jina la CNC, mara nyingi huugua bila kutoa taarifa. Asubuhi hufanya kazi vizuri, mchana husimama ghafla, taa nyekundu ikawaka na namba ya alamu ikajitokeza katika kioo. Kazi ya mteja hubaki nusu ndani ya mashine, na mwenye karakana huanza kupiga simu huku na kule akitafuta mota mpya.

Uamuzi huo wa haraka ndio unaowatia wengi hasara. Mota ya sevo, ambayo ndiyo inayosukuma meza na vifaa vya kukatia katika mashine hizo, huweza kugharimu mamilioni ya shilingi, na kwa kawaida huagizwa kutoka nje. Baada ya kusubiri kwa wiki kadhaa, mota mpya hufungwa, mashine huwashwa, na alamu ile ile hurudi. Kumbe tatizo lilikuwa katika kebo iliyokatika ndani ya ganda lake, au katika kiunganishi kilichoingiwa na maji ya kupozea.

Ipo hasara kubwa kuliko hiyo. Fundi anayebahatisha anaweza kuunganisha draivu nzima na mota yenye shoti, na kwa sekunde moja akawa na vifaa viwili vibovu badala ya kimoja. Anaweza pia kupoteza vidole, au uhai.

Ili kuelewa kwa nini ugonjwa wa mota hizi hauchunguzwi kama ule wa mota ya pampu ya maji, ni lazima kwanza kujua zinavyofanya kazi.

Neno sevo lina asili ya Kilatini, nalo hubeba maana ya mtumwa au mtumishi. Katika miaka ya 1870, mhandisi wa Kifaransa Joseph Farcot alilitumia kueleza mtambo wa kugeuza usukani wa meli za mvuke, ambao ulifuata kila mwendo wa mkono wa nahodha. Mwaka 1952, Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts (MIT) nchini Marekani kilionyesha mashine ya kuchonga vyuma iliyopokea amri zake kwa namba zilizotobolewa katika utepe wa karatasi, kazi iliyotokana na fikra za John Parsons. Hapo ndipo ukoo wa mashine za CNC ulipoanzia.

Mtumishi huyo hatii amri tu, bali hutoa pia taarifa ya alichokifanya. Kompyuta ya mashine huagiza meza isogee, tuseme, milimita 50. Draivu hupeleka umeme katika mota, na mota huzungusha skrubu ndefu yenye gololi inayoisukuma meza. Nyuma ya mota kuna kifaa kidogo kiitwacho enkoda, ambacho huhesabu mzunguko na kurudisha hesabu hiyo kwa draivu maelfu ya mara kwa sekunde. Hesabu ikipungua, umeme huongezwa, ikizidi, hupunguzwa. Tofauti kati ya agizo na taarifa ikivuka kiwango kilichowekwa, mashine hujisimamisha yenyewe na kutoa alamu.

Uangalifu wa enkoda ni wa kushangaza. Enkoda ya biti 17 huugawa mzunguko mmoja katika sehemu 131,072, na ile ya biti 20 katika sehemu zaidi ya milioni moja. Kwa skrubu inayosogeza meza milimita 10 kwa kila mzunguko, hata ile ya biti 17 hutambua mwendo mdogo kuliko elfu moja ya milimita. Kifaa chenye umakini huo huathiriwa na mambo ambayo mota ya kawaida isingeyajali kabisa: tone la mafuta, waya uliolegea, au pigo la nyundo kwenye shafti wakati wa kufunga puli. Nyingi kati ya enkoda hizi zina kisahani cha kioo ndani yake, na kioo hakina msamaha.

Si kila mashine ya kompyuta ina sevo. Mashine nyingi ndogo za kuchonga milango na samani, za aina inayotumiwa na mafundi wa mbao mijini, huendeshwa na mota za steppa, ambazo husogea kwa hatua bila kutoa taarifa yoyote. Steppa ikizidiwa hupoteza hatua kimyakimya, na ua lililochongwa hutokea limepinda. Sevo ikizidiwa hulalamika. Kwa mchunguzi, malalamiko hayo ni bahati.

Umeme unaoingia

Kabla ya kuigusa mota, fundi mzoefu hupima umeme unaoingia katika mashine. Hatua hii hurukwa mara kwa mara, pengine kwa sababu inaonekana ya kitoto.

Umeme wa fezi tatu nchini Tanzania ni wa volti 400 kati ya fezi na fezi, na nchini Kenya ni volti 415. Draivu nyingi za sevo zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Japan huhitaji takriban volti 200. Ndiyo maana mashine nyingi za Kijapani, zikiwemo zile zinazonunuliwa zikiwa zimetumika, hufuatana na transfoma nzito ambayo baadhi ya wanunuzi huidhania kuwa ni mzigo usio na kazi. Kuunganisha draivu ya volti 200 moja kwa moja na volti 400 ni kuichoma, na hakuna fyuzi itakayoiokoa kwa wakati.

Kukosekana kwa fezi moja nako huleta mkanganyiko. Taa huwaka, kioo hufanya kazi, na mota hata husogea ikiwa haina mzigo. Lakini mara tu kisu kinapoanza kukata chuma, umeme ndani ya draivu hushuka na alamu ya volti ndogo hutokea. Chanzo huweza kuwa fyuzi moja iliyokatika, skrubu iliyolegea katika sakitibreka, au kontakta ambayo vidole vyake vimeungua. Vyote hivyo ni vya bei ndogo mno ukilinganisha na mota.

Tahadhari

Ndani ya draivu umeme wa fezi tatu hugeuzwa kuwa umeme wa mkondo mmoja na kuhifadhiwa katika kapasita. Kwa umeme wa volti 200, hifadhi hiyo hufikia karibu volti 283. Kwa volti 400, hufikia takriban 565. Kuzima swichi kuu hakuiondoi papo hapo. Watengenezaji wengi huweka taa ndogo inayoonyesha kuwa chaji bado ipo na kuagiza fundi asubiri dakika kadhaa, wengine hata zaidi ya dakika kumi. Hata taa hiyo ikizimika, fundi mwangalifu hupima kwa mita kabla ya kugusa, kwa maana taa nayo huungua.

Hatari ya pili ni ya uzito. Katika mashine ya kuchonga yenye kichwa kinachopanda na kushuka, mota ya mhimili wa wima ndiyo inayokishikilia kichwa kisianguke, ikisaidiwa na breki iliyomo ndani yake. Breki hiyo kwa kawaida hushika pale umeme unapokatika, na huachia inapopata volti 24. Fundi akifungua mota hiyo bila kuweka gogo au jeki chini ya kichwa, mamia ya kilo huweza kumshukia mikononi. Gogo la mbao ndiyo zana ya kwanza ya kazi hiyo, kabla ya mita.

Kusoma alamu

Alamu haisemi kitu gani kimeharibika. Husema kitu gani draivu imekihisi. Tofauti hiyo ndiyo inayowapotosha wengi.

Alamu ya kuzidiwa na mzigo, kwa mfano, humaanisha kuwa mota imekuwa ikivuta umeme mwingi kwa muda mrefu. Mota inaweza kuwa nzima kabisa, ila pampu ya mafuta ya njia za meza imekufa, vinyoleo vya chuma vimejazana chini ya vifuniko, au breki haiachii kwa sababu zile volti 24 hazifiki. Mota yenye breki iliyokwama huzunguka kwa shida, huchemka, na hatimaye kulaumiwa. Jaribio rahisi ni kuifungua mota kutoka katika skrubu na kuiendesha ikiwa peke yake. Ikizunguka kwa wepesi na umeme mdogo, ugonjwa hauko kwenye mota. Kwa mhimili wa wima, jaribio hilo halifanywi kabla kichwa hakijaegemezwa.

Alamu ya volti kuzidi mara nyingi hutokea mashine inapofunga mwendo. Meza nzito inaposimamishwa ghafla, mota hugeuka kuwa jenereta na kurudisha umeme ndani ya draivu. Katika mashine nyingi umeme huo huchomwa kama joto katika rezista maalumu. Rezista ikikatika, volti hupanda na draivu hujizima ili kujilinda. Dalili yake ni kwamba mashine hufanya kazi ikienda polepole, na hukataa ikienda kasi.

Alamu ya mkondo kuzidi ndiyo ya kuogopwa, hasa ikitokea pale tu mashine inapowashwa. Hiyo huashiria shoti katika mota, katika kebo, au katika transista za draivu yenyewe. Kujua ni ipi kati ya tatu hakuhitaji kubahatisha. Mota huondolewa waya zake kwenye draivu. Alamu ikiendelea bila mota, draivu ndiyo mgonjwa. Ikitoweka, uchunguzi huhamia kwenye kebo na mota.

Kipimo cha mega

Hapa ndipo mita ya kawaida inapofikia kikomo. Mita ya mkononi hupima ukinzani kwa volti chache za betri yake. Kihami cha koili kilichochoka huweza kuonekana kizima kwa volti hizo chache, kisha kikashindwa pale kinapokutana na volti mia tatu. Kwa hiyo hutumika kifaa ambacho mafundi hukiita mega, kinachopima kihami kwa volti 500.

Mega hutumiwa mota ikiwa imetengwa kabisa na draivu, kwa kuwa volti 500 zikiingia katika draivu zitaiua. Kamwe haiunganishwi na waya za enkoda. Kipimo huchukuliwa kati ya kila waya wa fezi na mwili wa mota.

Kampuni ya Fanuc ya Japan, mojawapo ya watengenezaji wakubwa wa mifumo hii, huelekeza katika miongozo yake kwamba usomaji wa megaohm 100 au zaidi ni mzuri. Kati ya 10 na 100, kihami kimeanza kuchoka, lakini mota bado inaweza kutumika huku ikipimwa mara kwa mara. Kati ya moja na 10, uchakavu umekwenda mbali na mota inahitaji uangalizi maalumu. Chini ya megaohm moja, mota haifai. Mwenye karakana anayeandika vipimo hivyo katika daftari kila baada ya miezi michache huuona ugonjwa ukija, na huweza kuagiza mota kabla haijafa.

Kipimo kingine ni cha ukinzani wa koili zenyewe, fezi kwa fezi. Namba tatu zinapaswa kulingana. Ukinzani wa mota hizi ni mdogo sana, mara nyingi chini ya ohm chache, hivyo waya za mita yenyewe huweza kupotosha hesabu. Kinachotafutwa ni usawa.

Kuna jaribio jingine lisilohitaji kifaa chochote. Ndani ya mota ya kisasa ya sevo mna sumaku za kudumu. Mota ikiwa haijaunganishwa na kitu, na breki yake imeachiwa, shafti inapaswa kuzunguka kwa mkono kwa wepesi. Waya zake tatu zikishikanishwa pamoja, shafti huwa nzito, kwa sababu mota inazalisha umeme na kujizuia yenyewe. Sasa, ikiwa shafti ni nzito namna hiyo na waya zote ziko huru, basi ndani ya koili mna shoti, au beringi zimekwisha. Sikio litatofautisha: beringi mbovu hukwaruza, ilhali shoti huvuta kimya.

Kebo na enkoda

Kebo za sevo hupita ndani ya mnyororo wa plastiki unaojikunja na kujinyoosha kila meza inaposogea, pengine mara maelfu kwa siku. Baada ya miaka, nyuzi za shaba hukatika ndani huku ganda la nje likibaki zuri. Hitilafu ya namna hiyo huja na kuondoka. Mashine hufanya kazi upande mmoja wa meza na kukataa upande mwingine, na fundi anapoipima ikiwa imesimama haoni kitu.

Kebo hiyo hupimwa ikiwa inachezeshwa. Mmoja huikunja na kuinyoosha sehemu kwa sehemu, mwingine hutazama mita. Usomaji ukirukaruka, mgonjwa amepatikana. Vivyo hivyo, hitilafu inayojitokeza mashine ikishachemka hupimwa ikiwa bado moto. Kuisubiri ipoe hadi kesho yake ni kuufukuza ushahidi.

Viunganishi vya nyuma ya mota hulowa maji ya kupozea. Vikifunguliwa, mara nyingi hukutwa na ukungu wa kijani kwenye pini. Kuvisafisha na kuvikausha kumewahi kurejesha uhai wa mashine nyingi zilizokuwa zimekatiwa tamaa.

Enkoda hupokea umeme mdogo, kwa kawaida volti 5, na taarifa zake hupotea kirahisi zikipita karibu na kebo za umeme mkubwa. Kebo ya enkoda huwa na wavu wa chuma unaopaswa kuunganishwa na ethi. Karakana isiyo na ethi ya kweli, ile ya fimbo iliyozikwa na kupimwa, hupata alamu zisizoeleweka: leo mhimili huu, kesho ule, hasa mashine ya kuchomelea ya jirani inapowashwa. Hakuna mota mpya itakayotibu hilo.

Betri

Wiki moja ya mashine kuzimwa huweza kuleta taharuki ya aina yake. Mashine nyingi zenye enkoda za kisasa hukumbuka mahali meza ilipo hata umeme ukizimwa, kwa msaada wa betri ndogo. Betri ikifa mashine ikiwa imezimwa, kumbukumbu hufutika, na mashine ikiwashwa hukataa kusogea hadi ionyeshwe upya sifuri yake. Katika mifumo ya Fanuc, kwa mfano, alamu namba 307 huonya kuwa betri imeshuka, na namba 300 hudai mhimili urudishwe kwenye chanzo chake.

Jambo linalowaponza wengi ni kuwa betri hizo hubadilishwa mashine ikiwa imewashwa. Fundi aliyefundishwa kuzima umeme kabla ya kugusa chochote, na hilo ni fundisho jema, huzima mashine, hutoa betri, na ndani ya muda mfupi kumbukumbu yote hutoweka. Kwa kuwa boksi la betri kwa kawaida huwekwa mbali na umeme mkubwa, kazi hiyo hufanyika kwa usalama ikifuata mwongozo wa mashine. Mahali ambapo umeme hukatika kwa saa nyingi, betri huchoka upesi zaidi, na ni busara kuibadilisha kila mwaka bila kusubiri alamu.

Kubadilishana

Mashine ikiwa na mota mbili za aina moja, kwa mfano za mihimili ya X na Y, fundi anaweza kuzibadilishana ili aone kama alamu itahama pamoja na mota. Ni njia nzuri, lakini ina masharti. Mota lazima ziwe za ukubwa mmoja, hubadilishwa kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, na mota inayoshukiwa lazima iwe imepita kipimo cha mega kwanza. Kuirukia njia hii kabla ya kupima ndiko kunakochoma draivu ya pili.

Kuna tabia moja ya mafundi wa umeme wa majumbani na viwandani ambayo hapa ni sumu. Mota ya kawaida ya fezi tatu ikizunguka kinyume, fundi hubadilisha waya mbili na kazi imekwisha. Mota ya sevo haikubali hivyo. Waya mbili zikibadilishwa, mpangilio wa umeme hautalingana tena na taarifa za enkoda. Mota itatetemeka, itavuta umeme kupita kiasi, au itakimbia bila kushikika hadi igonge mwisho wa reli. Mwelekeo wa mhimili hubadilishwa katika programu ya mashine.

Kwa sababu hiyo hiyo, kuipeleka mota ya sevo kwa fundi wa kusuka koili ni suala la kupimwa kwa makini. Wapo wanaoweza kazi hiyo, ila idadi ya mizunguko, unene wa waya na mpangilio wa fezi lazima virudi vilevile. Enkoda haipaswi kuondolewa bila kuwekewa alama ya mahali ilipokaa kuhusiana na shafti, kwa kuwa ndiyo inayoijulisha draivu sumaku ziko upande gani. Mota yenye enkoda haiingizwi katika tanuri la kukaushia vanishi. Na ikiwa mota iliungua kwa joto kali, sumaku zake huenda zimepoteza nguvu. Koili mpya haitazirudishia, na mota itatoka kwa fundi ikizunguka vizuri mezani, kisha ikashindwa mzigo siku ya kwanza kazini.

Mwenye karakana anayempokea fundi mgeni anaweza kumpima kwa maswali machache kabla bisibisi haijatoka mfukoni. Je, ameuliza alamu ilikuwa namba ngapi, na kama ilitokea mashine ikianza mwendo, ikikata au ikisimama? Je, amepima umeme unaoingia? Amekuja na mega? Na kama ni mhimili wa wima, ameomba gogo?